Kupaka nta ski na ubao wa theluji nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya ski za kushukia mlima na ubao wa theluji. Ski za masafa, zile za kutembelea theluji tambarare, zina swali lao huko chini, kwa sababu nta yake hufuata sheria nyingine. Kama una haraka, soma swali la joto la pasi na lile la kukwangua, maana hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Vipimo vyote vya joto ni vya Selsiasi.

Kwani ni lazima? Nisipopaka itakuwaje?

Utateleza, ila kwa taabu. Kwenye mteremko mkali huenda usione tofauti kubwa. Itakuumbua sehemu tambarare: wenzako wanapita wima, wewe unasukuma kwa fimbo. Mwenye ubao hana hata hizo fimbo, itambidi afungue mguu mmoja na kujikokota. Theluji ikiwa imelowa ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa soli kavu (soli ni upande wa chini unaogusa theluji) hushikwa ghafla na mwili ukaendelea na safari yake mbele. Hilo si jambo la mwendo tu, watu huanguka hivyo.

Halafu kuna afya ya soli yenyewe. Ikikaa muda mrefu bila nta huchakaa juujuu na kuota nyuzinyuzi ndogo ambazo hazioneki vizuri kwa macho, na kuanzia hapo hata ukiipaka nta nzuri kiasi gani haitateleza kama zamani mpaka isagwe upya kwa mashine.

Nta inafanya kazi gani hasa?

Ski inapopita juu ya theluji, msuguano hutoa joto kidogo, na joto hilo huacha utando mwembamba sana wa maji. Utando ukiwa wa kiasi, unateleza vizuri. Tatizo lipo pande mbili. Kwenye baridi kali maji ni machache na punje za theluji ni ngumu zenye ncha kali. Zinachoma nta laini na kuikwamisha, kwa hiyo unahitaji nta ngumu isiyochomeka. Karibu na sifuri mambo yanageuka: maji ni mengi, yanafyonza soli na kuishikilia, kwa hiyo unahitaji nta laini inayoyakataa maji, pamoja na michirizi midogo kwenye soli ya kuyapitisha.

Soli nyingi zimetengenezwa kwa polithini yenye molekuli ndefu mno. Utasikia watu wakisema ina vinyweleo vinavyofunguka kwa joto. Si hivyo. Ndani ya plastiki hiyo kuna sehemu ambazo molekuli zimejipanga zikashikana, na sehemu ambazo zimelegea. Ukiipasha joto, nta iliyoyeyuka hupenya kwenye zile zilizolegea na kubaki humo. Ukishalielewa hili, mengi yaliyo hapa chini yatajieleza yenyewe: nta unayoitafuta ni ile iliyoingia, si ile unayoiona juu.

Nitajuaje kwamba soli inadai nta?

Itazame kwenye mwanga wa pembeni. Soli yenye nta ni nyeusi iliyoiva, au rangi zake zinang'aa kidogo. Inayodai nta hupauka, kama ngozi isiyopakwa mafuta wakati wa kipupwe. Weupe huanzia pembezoni, karibu na makali ya chuma, na kwenye ubao huonekana zaidi chini ya miguu. Pitisha kidole: ikiwa kavu na yenye kukwaruza kidogo, usisubiri tena.

Usidanganywe na weupe wa maji ya theluji yaliyokauka. Futa kwanza kwa kitambaa, ndipo utoe hukumu.

Nipake mara ngapi?

Kwa mtelezaji wa kawaida, kila baada ya siku tatu hadi tano za kuteleza. Theluji ya kutengenezwa kwa mashine na ile ya zamani iliyogeuka barafu hula nta haraka, kwa hiyo huko punguza siku. Theluji laini iliyodondoka usiku haina ugomvi, unaweza kuongeza. Hakuna kitu kama kupaka mara nyingi kupita kiasi, ila kuna kupiga pasi vibaya mara nyingi kupita kiasi.

Soli za kushindiliwa na za kuyeyushwa zina tofauti gani?

Ya kuyeyushwa hutengenezwa kwa plastiki iliyoyeyushwa na kusukumwa itoke kama utepe. Ni rahisi, haihitaji uangalizi mwingi, hainywi nta nyingi, na ikisahauliwa hainung'uniki sana. Ya kushindiliwa hutengenezwa kwa unga wa polithini unaobanwa kwa joto na shinikizo mpaka ushikane, kisha ukakatwa vipande vyembamba. Hii ni ngumu zaidi, hunywa nta nyingi zaidi na ina kasi, lakini ikikosa nta hupungua kasi vibaya. Ski za bei ya juu na karibu zote za mashindano zina hii ya pili. Maelezo ya mtengenezaji kwa kawaida hutaja aina ya soli. Usipoyapata, ichukulie kuwa ni ya kushindiliwa na uitunze hivyo. Hutapoteza kitu.

Nianze na vifaa gani?

Pasi ya nta, mche mmoja wa nta ya joto la kati, kibao cha plastiki ngumu cha kukwangulia chenye unene wa milimita tatu hadi tano, brashi ya nailoni, na mahali pa kulaza ski isiyumbe. Ongeza mikanda miwili imara ya mpira ya kuvutia breki za ski, ile mikono inayoizuia ski isikimbie ikivuka mguuni. Hivyo tu.

Kitakachofuata ukiwa na uwezo ni brashi ya shaba ya kusafishia soli kabla ya nta, kisha brashi ya singa za farasi ya kumalizia. Jiliwa maalumu za kushika ski ni raha tupu, lakini viti viwili vilivyopangwa vizuri na vitambaa visivyoteleza vinafanya kazi. Usisahau kutandika gazeti au turubai chini. Unga wa nta ukikanyagwa, sakafu inageuka mtego.

Naweza kutumia pasi ya nguo?

Unaweza, na wengi wameanza hivyo. Ila ijue tabia yake. Pasi ya nguo ina bati jembamba, kwa hiyo joto lake hupanda na kushuka: inazima, inapoa, inawaka, inapitiliza. Pasi ya nta ina bati nene linalotunza joto lilelile, na ina namba za nyuzi badala ya picha za hariri na pamba. Pasi yenye matundu ya mvuke ni kero zaidi, nta huingia kwenye matundu na kutoka kwa wakati wake.

Ukiamua kuitumia, chagua ya zamani isiyo ya mvuke, anzia joto la chini kabisa linaloyeyusha nta, na iwe ya nta milele. Ikishaonja nta, nguo yoyote nyeupe itakayopita chini yake itakusimulia.

Nichague nta ya rangi gani?

Rangi huonyesha joto la theluji ambalo nta hiyo imekusudiwa, lakini kila kampuni ina lugha yake. Nyekundu ya Swix ni ya theluji iliyo karibu na sifuri. Nyekundu ya Toko ni ya baridi ya kati. Kwa hiyo usinunue kwa rangi. Soma namba kwenye mche, na uangalie kama zinataja joto la hewa au la theluji.

Hayo mawili hutofautiana. Theluji haiwezi kuvuka sifuri hata hewa ikiwa nyuzi kumi, na baada ya usiku usio na mawingu inaweza kuwa baridi zaidi kuliko hewa iliyo juu yake. Mpenda vipimo hununua kipimajoto kidogo na kukichomeka kwenye theluji, mahali penye kivuli.

Kama hushindani na mtu, nunua nta ya joto la kati na uitumie msimu mzima. Ukibaki njia panda kati ya nta mbili, chukua ile ya baridi zaidi. Nta ngumu kwenye theluji ya vuguvugu hupunguza kasi kidogo, ilhali nta laini kwenye theluji kali hukwama na kukwanguka mapema.

Mshumaa je? Si nta hiyohiyo?

Ni ndugu, si pacha. Nta nyingi za ski msingi wake ni parafini, na mishumaa mingi pia. Ila nta ya ski huchanganywa na nta nyingine ili kuupata ugumu unaotakiwa, wakati mshumaa umetengenezwa uwake vizuri, na mara nyingi umetiwa asidi za mafuta, rangi na manukato. Mshumaa mweupe mtupu ni bora kuliko soli kavu. Wenye rangi na harufu waache mezani.

Watu wamejaribu mengi. Wachimba dhahabu wa milima ya Sierra Nevada huko California, katika karne ya 19, walishindana kwa ski ndefu za mbao na kila mmoja alichemsha mchanganyiko wake wa siri, ukiwamo wa nta ya nyangumi na utomvu wa misonobari. Sisi tuna mche wenye namba. Tuutumie.

Nitayarishe vipi kabla ya kuwasha pasi?

Ingiza ski ndani mapema zifikie joto la chumba na zikauke kabisa. Soli ya baridi hunyonya joto la pasi bila nta kupenya, nawe utashawishika kuongeza joto, ndipo unapounguza.

Kwenye ski, vuta mikono ya breki juu na uifunge kwa mpira unaopita juu ya kifungo cha kisigino. Kwenye ubao, legeza skrubu za vifungo vinavyoshika viatu, au vitoe kabisa. Skrubu zilizokazwa huvuta soli ndani kidogo, na hapo pasi na kibao vitapita bila kugusa vibonde hivyo. Vikitoka, pia unapata nafasi ya kulaza ubao ukatulia.

Makali yanayohitaji kunolewa yanolewe sasa, kabla ya nta, kwa sababu unga wa chuma ukiingia kwenye nta laini hautoki kirahisi.

Soli nisafishe kwa nini?

Kama ni vumbi tu, pitisha brashi ya shaba kutoka ncha ya mbele kuelekea mkia mara kumi hivi, kisha futa. Usiende na kurudi. Kila kitu kwenye soli huelekea upande mmoja, ule theluji inakopita.

Kwa uchafu wenye mafuta, wengi hukimbilia dawa ya kusafishia soli. Inasafisha kweli, ila pia inakausha na kutoa nta iliyokuwa ndani, kwa hiyo iweke kwa ajili ya gundi, lami na mabaki ya nta ya kushika ya ski za masafa. Njia ninayoipenda mimi ni kusafisha kwa nta yenyewe: yeyusha nta laini, ile ya theluji ya vuguvugu, ipige pasi mara moja, kisha ikwangue ingali vuguvugu kabla haijaganda. Nta inayotoka huwa ya kijivu, wakati mwingine nyeusi. Rudia mpaka itoke safi. Mara ya kwanza utashangaa ni uchafu kiasi gani ulikuwa unateleza nao.

Hatua za kupiga pasi ni zipi?

Simamisha pasi pembe yake ikielekea chini, sentimita chache juu ya soli, na ugusishe mche wa nta kwenye bati. Nta itadondoka. Tembea nayo ukiacha mstari wa matone kila upande, karibu na makali kwa kuwa huko ndiko soli hukauka kwanza. Kwenye ubao ongeza mistari ya nyokanyoka katikati. Ukiwa umezoea, gusisha mche kwenye pasi mara moja kisha usugue ule upande uliolainika moja kwa moja kwenye soli. Nta nyingi kidogo itaokolewa, maana iliyo nyingi mno yote inaishia sakafuni.

Sasa laza pasi na uisukume polepole kutoka mbele kwenda nyuma, bila kusimama. Tazama nyuma ya pasi. Unatakiwa uone mkia wa nta iliyoyeyuka, inayong'aa kama imelowa, wenye urefu wa sentimita tano hadi kumi, halafu unafifia na kuganda. Huo mkia ndio kipimo chako. Ukiwa mfupi sana au haupo, unaenda haraka au pasi haijapata joto. Ukiwa mrefu kuliko mkono wako, unaichoma soli.

Pitisha mara mbili au tatu mpaka nta iwe imetandaa kote. Kisha weka kiganja upande wa pili, ule wa juu wa ski. Uwe na vuguvugu. Ukiwa wa moto, acha, ngoja upoe. Kwenye ubao, pasi ni nyembamba kuliko soli, kwa hiyo panga njia zako: ukingo mmoja, katikati, ukingo wa pili, kila njia ikilala kidogo juu ya iliyotangulia.

Mara mojamoja nta itakataa kushika sehemu fulani, itajikunja na kuacha doa kavu. Hapo kuna unyevu au mabaki ya dawa. Futa, acha pakauke, rudia.

Pasi iwe na joto kiasi gani, na nikiunguza nitajuaje?

Nta laini za theluji ya vuguvugu hupigwa kwa nyuzi 110 hadi 120, za kati karibu 120 hadi 130, na zile ngumu za baridi kali hufika 140 au 150. Namba kamili huwa imeandikwa kwenye mche au boksi, ifuate hiyo. Polithini ya soli huyeyuka karibu na nyuzi 130 hadi 135, kwa hiyo unaona jinsi nafasi ilivyo finyu. Kinachoiokoa soli kwenye joto la 140 ni mambo mawili tu: pasi inatembea, na kuna nta kati ya bati na plastiki. Ukiondoa mojawapo, huna kinga. Ndiyo maana pasi haiwekwi juu ya soli kavu hata kwa sekunde moja, na haisimami hata simu ikiita.

Moshi ni kengele. Nta ikifuka moshi, joto limezidi. Nyanyua pasi na upunguze. Soli iliyoungua hung'aa isivyo kawaida, kama imevishwa kioo, na sehemu hiyo haishiki nta tena. Kuungua kidogo juujuu huondolewa kwa kusaga soli kwa mashine kwenye karakana. Kuungua sana huachanisha gundi iliyoshika soli, ikavimba, na hapo hakuna la kufanya nyumbani.

Nimeshapaka nta yangu nzuri, kwa nini mnasema niikwangue yote?

Hili ndilo swali linalokuja kwa uchungu kuliko yote. Umetumia muda na nta, halafu unaambiwa uitupe sakafuni.

Rudi kwenye kile tulichosema juu. Nta iliyobaki juu ya soli haijakaa ndani ya kitu chochote. Ni tabaka laini lililolala tu, linaziba michirizi ya soli, linashika uchafu, na linapokutana na theluji kali huchomwa na kuburura. Utaenda polepole kuliko ambaye hakupaka kabisa, mpaka theluji yenyewe ikukwangulie bila mpango, huku ikiacha na huku ikitoa. Wenye ubao huathirika zaidi kwa kuwa soli yao ni pana.

Ngoja ipoe kwanza, angalau nusu saa kwenye chumba, na usiku mzima ni bora zaidi. Usiipeleke nje kwenye baridi ili kuharakisha. Soli ikijikunja ghafla huisukuma nta nje. Nta ngumu za baridi kali zina sheria yake: huvunjikavunjika zikipoa kabisa, kwa hiyo mabaki makubwa huondolewa zingali na vuguvugu kidogo.

Anza na makali. Kona ya kibao ina kijikato, kipitishe ubavuni utoe nta iliyomwagikia huko, kwa sababu nta juu ya makali ya chuma inamaanisha ski isiyoshika barafu. Kisha shika kibao kwa mikono miwili, kiinamishe mbele kidogo, vidole gumba vikisukuma katikati, na uende kutoka ncha hadi mkia kwa mwendo mrefu. Usikandamize. Kibao kilichonolewa vizuri huvua nta kwa maganda marefu yaliyojikunja. Kilichobutuka hutoa unga na kukuchosha bega. Kinoe kwa tupa bapa ukingo wake ukiwa wima kabisa. Endelea mpaka kibao kisitoe kitu. Ukikwaruza kwa ukucha na ukapata nta chini ya kucha, bado.

Kibao cha chuma kiache. Kinakula soli.

Brashi ni za urembo?

Hapana. Kibao huondoa nta iliyo juu ya soli, lakini hakiingii kwenye michirizi. Brashi ndiyo inayoizibua. Anza na nailoni ngumu, sukuma kutoka mbele kwenda nyuma mpaka unga mweupe uishe, futa kwa kitambaa laini, kisha malizia na singa za farasi. Kwa nta ngumu za baridi, pitisha shaba kwanza kwa mkono mwepesi, lakini iwe brashi tofauti na ile ya kusafishia. Soli ikiwa tayari, michirizi yake inaonekana wazi na kuna mng'ao wa ndani, si wa juu.

Ukilazimika kuokoa muda, okoa kwenye kupaka nta, si kwenye brashi. Najua linasikika kinyume.

Nta za kupaka kwa mkono au za maji zinatosha?

Zinatosha kwa siku moja, wakati mwingine nusu yake. Ni nzuri kubeba mfukoni hali ya theluji inapobadilika mchana, na ni mkombozi ukiwa safarini bila pasi. Paka, sugua kwa kizibo (kipande cha koki), ngoja ikauke, piga brashi. Haziingii ndani kama nta ya pasi, kwa hiyo zisigeuke kuwa mpango wako wa msimu.

Nimesikia nta zenye florini zimepigwa marufuku. Ni kweli?

Ni kweli. Viambato vya florini vya familia ya kemikali iitwayo PFAS vilifanya nta iyakatae maji kwa namna ambayo parafini haifiki, na kwa miaka mingi ndizo zilizotawala mashindano. Shida ni kwamba haviozi: hubaki kwenye theluji, udongo na maji, na huingia mwilini mwa viumbe. Umoja wa Ulaya ulizuia PFOA, mojawapo ya viambato hivyo, tangu Julai 2020. Shirikisho la kimataifa la ski, FIS, lilitangaza marufuku mwaka 2019 na kuianza rasmi msimu wa 2023/24, baada ya kupata kifaa cha kupima ski papo hapo. Katika mbio za kwanza za Kombe la Dunia msimu huo, huko Sölden nchini Austria, Oktoba 2023, Ragnhild Mowinckel wa Norway aliondolewa kwenye matokeo kwa sababu ski yake ilionyesha florini.

Kwa wewe wa nyumbani: ukirithi vifaa vya zamani, mabaki ya florini hukaa kwenye brashi na pasi. Badilisha brashi. Nta ya zamani yenye florini usiiyeyushe, maana mvuke wake ukipata joto kali ni sumu. Iulizie sehemu zinazopokea taka za kemikali.

Je, nta ya kawaida ina madhara kwa anayepaka?

Mvuke wa parafini hauna manukato ya kujivunia wala si wa kupumua siku nzima. Fungua dirisha, usivute sigara karibu, usiweke kichwa juu ya pasi. Unga wa brashi ni mwepesi na hupeperuka, barakoa haidhuru. Mabaki zoa utupe kwenye taka. Usiyasukumie kwenye bomba la maji, yataganda humo.

Ski za masafa zinapakwa vivyo hivyo?

Sehemu tu. Kwenye mtindo wa kawaida wa kutembea, katikati ya ski kuna eneo la kukanyagia linalotakiwa lishike theluji unapojisukuma. Nta ya kuteleza hupigwa pasi mbele na nyuma ya eneo hilo, isivuke. Ikivuka, utasukuma na ski itarudi nyuma bila kukupeleka popote. Eneo la katikati hupata nta ya kushika, inayosuguliwa kwa kizibo tabaka jembamba juu ya jembamba, au klista, ile ya kunata kama gundi, kwa theluji iliyoyeyuka ikaganda tena. Klista ina ufundi wake na hasira zake; ifanyie mbali na zulia.

Ski zenye magamba au ukanda wa manyoya katikati haziguswi na pasi sehemu hiyo kabisa. Ski za mtindo wa kupepesua (kusukuma kila mguu kuelekea pembeni, kama anayeteleza kwenye barafu), ambazo hazina eneo la kukanyagia, hupakwa nta ya kuteleza mwanzo hadi mwisho. Kuna mfereji katikati ya soli: ukwanguliwe pia, kwa kijiti cha plastiki chenye ncha ya mviringo.

Nimegonga jiwe. Nipake nta juu ya mkwaruzo?

Mkwaruzo mwembamba, paka tu. Shimo linaloonyesha kiini cha mbao au nyuzi za kioo halingoji, kwa sababu maji yakiingia yataozesha mbao na kuachanisha tabaka. Shimo dogo la ndani ya soli hujazwa kwa kijiti cha plastiki ya polithini kinachowashwa na kudondoshwa, kisha likasawazishwa. Lililo karibu na makali au lililofika kwenye kiini peleka kwa fundi. Kwa vyovyote vile, jaza kabla ya nta, si baada. Plastiki haishiki juu ya nta.

Ski mpya nazo?

Zinatoka kiwandani na nta, lakini mara nyingi ni kidogo. Zipake mara mbili tatu mfululizo, ukikwangua kila mara, kabla ya siku ya kwanza. Soli mpya hunywa zaidi kila inapopashwa joto.

Msimu umeisha, niweke vipi?

Safisha soli, kausha makali yasishike kutu, kisha paka nta nene ya laini na usiikwangue. Ipitishe mpaka ifunike makali ya chuma. Weka mahali pakavu, mbali na jua na hita, breki zikiwa zimeachiwa. Msimu ukianza, kwangua, piga brashi, na kwa kawaida upake tena mara moja kwa nta ya hali ya hewa iliyopo. Usisahau kukaza skrubu za ubao ulizolegeza. Kuna wanaokumbuka wakiwa tayari juu mlimani.

Nimefuata kila kitu, bado theluji inagandamana chini. Kwa nini?

Uwezekano wa kwanza: ski zimetoka ndani zikiwa na joto na zikawekwa moja kwa moja kwenye theluji. Joto lake huyeyusha theluji, maji yanaganda, na unabaki na uvimbe wa barafu chini ya miguu. Zisimamishe nje dakika kumi na tano hivi kabla ya kuzivaa, soli ikiwa imekauka.

Wa pili: hukukwangua vya kutosha. Pitisha kibao hapohapo mlimani kama unacho.

Wa tatu ni theluji ya mwisho wa msimu, iliyojaa chavua, vumbi la barabara na mafuta ya mashine za kusawazisha njia. Hiyo huchafua nta yoyote ndani ya saa chache. Futa soli mchana, usugue nta ya mkononi yenye kukataa maji, na jioni usafishe kwa ile njia ya nta ya vuguvugu kabla ya kupaka upya.